Kanisa la Magongo

Vyumba vya Mji wa Kale ni vyembamba, na mgeni akiuliza sababu huambiwa kuwa ni desturi. Baba alikuwa akilicheka jibu hilo. Alisema desturi haina kosa, mwenye kosa ni mkoko. Boriti ya mkoko ikishakatwa na kuchongwa hupata urefu wa mtu mmoja na nusu, pengine na shibiri mbili tatu juu yake, na haikubali kuungwa. Basi waashi wa Mombasa, tangu mababu, walijenga vyumba vya kulingana na boriti zao, na watu wakazaliwa humo, wakaolewa humo, wakafa humo, wakidhani upana wa dunia ni huo.

Baba alitaka chumba kipana. Nikitamani kumkumbuka kwa furaha humkumbuka katika mwaka ule alipokitaka, reli ilipokuwa imekwisha kuvuka Makupa na kwenda zake bara, na kisiwa kizima kilinuka makaa na mafuta ya mashine. Ni mwaka mmoja tu. Miaka iliyofuata siitamani, lakini ndiyo mingi.

Hakuzaliwa mjini hapa. Aliletwa pwani akiwa mtoto, ametolewa mikononi mwa watu waliokuwa wamemnunua, akalelewa na wamisionari ng'ambo ya Kisauni. Wakampa ubatizo na mwiko wa kuashia. Lakini siri ya chokaa hakuipata kwao. Aliipata kisiwani, kwa fundi mmoja wa Mji wa Kale, Mwislamu, mtu wa maneno makali, ambaye ndevu zake hazikukosa chokaa hata siku ya Idi. Huyo alimfundisha kuchoma matumbawe, kuizimua chokaa kwa maji na kuiacha ilale, na kuijua kwa ulimi kama imeiva. Sisi tulikaa chumba cha kupanga nyuma ya Makadara: Baba, Mama na mimi.

Wakristo wa kisiwani tulikuwa wachache, watu wa Rabai na Giriama waliofuata kazi, makarani wa reli, na wengine kama Baba. Tulisali katika chumba cha nyumba ya kukodi. Kwa kuwa kilikuwa chembamba, wanaume walikaa ndani na wanawake wakakaa ujiani, wakisikia neno la Mungu kupitia mlangoni. Mama alikuwa akisema, "Nimebatizwa, nimekomunika, nimezaa, na mwalimu wetu sijamwona bado. Nakijua kiwiko chake tu." Mwalimu ndiye aliyekuwa kiongozi wa kanisa letu, Mrabai mrefu mwenye sauti nzito, na kweli alihubiri kwa viwiko.

Ni kwa ajili ya neno lile la Mama, naamini, Baba alisimama siku moja baada ya ibada akasema kuwa kanisa likipata kiwanja, yeye atajenga ukumbi ambao mume na mke watakaa ubavu kwa ubavu. Waliuliza boriti za kufika upana huo atazitoa wapi. Akajibu kuwa atatumia reli.

Vipande vya reli vilivyopinda au kufupishwa viliuzwa kama vyuma vibovu. Kiwanja kilipopatikana, Baba alinunua viwili, na mahamali wakavileta kutoka Kilindini wakiimba, mabega yamelowa. Alikusudia kuvilaza juu ya kuta, kimoja huku na kimoja kule, kisha boriti zake fupi zikae juu ya chuma, ukumbi uwe mpana mara tatu ya chumba chochote tulichokijua. Fundi mzee alikuja kuvitazama. Akakipiga kimoja teke.

"Yakhe," akasema, "chuma hiki kililala chini, ardhi ikikibeba. Wewe wataka kukilaza hewani kiibebe ardhi."

"Kimebeba gari la moshi, fundi wangu. Kitabeba chokaa."

"Haya. Nami nitakuja na jembe niwafukue."

Baba akacheka. Siku hizo alikuwa akicheka.

Wasioiona dari ya chokaa ikipigwa wataona ajabu. Boriti zikishapangwa na mawe membamba kuwekwa juu yake, humwagwa kokoto na chokaa mbichi, kisha wanawake hupanda juu na vibao vyenye mikono, wakajipanga safu, wakaipiga dari kutwa, kutwa na siku nyingine tena, hata iwe ngumu kama jiwe moja. Bila nyimbo haiwezekani, mikono hupotezana. Mwalimu alitaka tupige kwa nyimbo za kanisa. Tulijaribu. Lakini wimbo wa kanisa huvuta pumzi mahali ambapo kibao hakitaki kupumua, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tunapigana vibao vidoleni. Ndipo wanawake wa mtaani, wale walioitwa kila dari inapopigwa mjini, wakatuonea huruma wakashika wao uongozi. Nyimbo zao zilikuwa za kuwasuta waume wavivu. Chokaa ikashikana mara moja. Mwalimu alitusikiliza kidogo, kisha akakumbuka kuwa ana mgonjwa wa kutembelea.

Mimi nilikuwa msichana wa kutosha kushika kibao. Nilipiga kati ya Mama na mwanamke mnene aliyekuwa na bangili hadi kwenye kiwiko, na chini ya nyayo zangu nilisikia ile dari ikijibu, kwanza kama uji, kisha kama mlango, kisha kama kitu kilicho hai na kigumu. Chini yetu ilishikwa na nguzo za mnazi. Baba alichagua mnazi kwa kuwa ni mti duni na rahisi. Nguzo zilikuwa za muda tu, mpaka chokaa ikomae. Mtu hanunui mti wa thamani kwa kazi ya kupita.

Kabla haijakomaa, ghala moja la Kilindini lilianguka. Waliolijenga sikuwajua. Walizitoa nguzo mapema, dari ikawaangukia wabebaji waliokuwa wakila chakula chao kivulini. Baba alikwenda kufukua pamoja na wengine. Alirudi mweupe wa vumbi, akakaa kizingitini, na maji ya moto aliyomwekea Mama yakapoa pale pembeni yake. Sikumsikia akisema alichokiona. Nilimwona tu akivitazama viganja vyake, kama mtu aliyeazimwa mikono na mwenyewe yuko njiani kuja kuidai.

Siku ya kuziondoa nguzo zetu ilipofika, kanisa zima lilikuja. Baba aliomba kwanza. Kisha akagonga kabari ya nguzo ya kwanza, ikateleza, nguzo ikalegea. Juu kukatoka mlio mfupi, kama mtu anayevunja vidole vyake, na vumbi kidogo, kiasi cha chumvi ya mboga, likamwangukia begani.

Alilitazama vumbi hilo. Kisha akairudisha nguzo mahali pake, akaipigilia kabari mpaka mti ukalia, akasema, "Bado. Ngojeni ikomae."

Fundi mzee alikuwa amesimama mlangoni, nje, na jembe lake la mzaha begani. Mzaha ukamtoka. "We mwanangu," akamwambia, "kila dari hulia ikiachiwa. Mtoto naye akizaliwa hulia. Asipolia ndipo uogope."

"Bado, fundi wangu. Baada ya masika."

Masika yakaja, dari haikuvuja tone. Baba akasema baada ya vuli. Kisha baada ya Pasaka. Kisha akaacha kutaja wakati, na watu wakaacha kuuliza.

Binadamu huzoea. Tukaingia ibadani tukizizunguka nguzo, tukazipenda. Kila mmoja alikuwa na yake. Wanaume walizitundikia kofia. Mjane mmoja wa Giriama aliegemeza mgongo wake kwenye nguzo ya tatu kutoka mlangoni, Jumapili zote, hata mti ukang'aa pale. Maharusi waliingia wakipinda kushoto na kulia kama watu wanaocheza. Mwanamke na mwanamume sasa walikaa ubavu kwa ubavu, kama Baba alivyoahidi, lakini Mama alikaa nyuma ya nguzo, na akanikumbusha kuwa bado hajamwona mwalimu mzima. "Zamani kiwiko," alisema. "Leo nimepata na sikio. Tunakwenda mbele."

Mji ukatupa jina. Ukiuliza njia Makadara, watoto walikuelekeza kwenye Kanisa la Magongo.

Ilitokea nafasi moja, na ndiyo ninayoilia mpaka leo. Mfanyabiashara wa Ndia Kuu, Mwarabu wa ukoo wa zamani, muuza nguo, alisikia kuna ukumbi mpana uliobebwa na chuma. Alitaka duka la namna hiyo, majora yote yaonekane mtu akiwa bado barabarani. Akaja kwa toroli, lile gari dogo lililosukumwa na watu juu ya reli zake nyembamba mjini, akashuka, akaingia, akatembea kati ya nguzo zetu na mikono nyuma.

"Fundi," akasema, "mimi sina neno na Mungu wenu wala na reli yenu. Sina neno ila na magongo haya. Yatoe. Mimi niletewe kahawa, nisimame hapa katikati. Nikimaliza kikombe na sijafa, duka langu ni kazi yako, na la ndugu yangu, na sijui la nani tena."

Nje alikuwa akipita muuza kahawa, vikombe vyake vikigongana mkononi. Nilikuwapo. Nilimwona Baba akifungua mdomo. Nilimwona akitazama juu, pale palipotoka vumbi. Ningeweza kuapa kwamba atasema ndiyo. Kifua chake kilikuwa kimekwisha jaa neno lenyewe.

"Chokaa hii, bwana," akasema, "inataka masika moja zaidi."

Mfanyabiashara hakumcheka. Alimshika bega kwa adabu, akasema Mungu ampe subira, akapanda toroli lake. Duka lilijengwa na mtu mwingine, vyumba vyembamba vitatu mfululizo.

Jioni ile Mama alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua macho. "Ulimwomba Mungu aishike dari," akasema, "kisha ukamwekea wasaidizi."

"Watu walikufa Kilindini."

"Walikufa. Mungu awarehemu. Na wewe je, utakufa lini?"

Baba alitoka nje. Tangu hapo alifanya kazi za kuziba nyufa za visima, kupaka chokaa kuta za watu, kutengeneza makaburi. Kazi ambazo zikiharibika haziui mtu. Mwalimu alipohubiri juu ya mtumishi aliyefukia talanta yake kwa hofu ya bwana wake, nilimwona Baba akitazama sakafu tangu mwanzo wa neno mpaka amina. Watu walipotoka, alibaki nyuma na nyundo, akazikaza kabari zote.

Wako wasemao imani yake ilikuwa ndogo. Mimi nililala chumba kimoja naye utoto wangu wote, pazia tu kati yetu, na sikumbuki usiku aliolala bila kupiga magoti. Aliamini Mungu aweza kuzishika mbingu. Asichoweza kuamini ni kwamba Mungu alikwisha kuishika dari ile, na kwamba alitumia mikono ile ile ya mtoto aliyenunuliwa kwa vitambaa. Hilo lilikuwa kubwa mno kwake. Ilimwia rahisi zaidi kuuamini mnazi.

Miaka ikaenda. Mimi nikawa mwalimu wa wasichana, nikaanza kuandika hadithi. Chokaa iliingia kifuani mwa Baba kama inavyoingia kwa waashi wote, na nyundo ikamshinda. Fundi mzee akafariki. Baba alilifuata jeneza mpaka mlango wa makaburi, akasimama hapo na kofia mkononi kwa muda mrefu baada ya watu kutawanyika.

Kisha ikaja siku ya kusafisha kanisa kabla ya Krismasi. Tulikuwa wanawake peke yetu, na ndoo na mafagio. Yule mjane wa Giriama alivuta benchi lake, mguu wa benchi ukagonga nguzo yake, ile ya tatu. Nguzo haikuanguka. Ilivunjika katikati kama mkate mkavu, na ndani yake mkamwagika udongo mwekundu.

Tulikimbia. Tulisukumana mlangoni, ndoo zikapinduka, na tulipofika nje tukageuka sote pamoja kutazama. Dari ilikuwa mahali pake. Shomoro mmoja alikuwa ametua juu ya reli, anatengeneza manyoya yake.

Mama aliingia wa kwanza. Alikwenda kwenye nguzo ya pili, akaigonga kwa mpini wa fagio, ikatoa sauti ya kibuyu. Mchwa walikuwa wamekula mnazi wote, wakaacha ganda. Kisha akapanda benchi, akavua leso ya kichwani, akaingiza pindo lake kati ya kichwa cha nguzo na chuma. Leso ikapita. Ikatokea upande wa pili. Alifanya hivyo kwa nguzo zote, moja baada ya moja, na kila mahali leso ilipita. Hapakuwa hata na moja iliyoigusa dari.

"Kamwiteni baba yako," akaniambia. Alisema kamwiteni, ingawa nilikuwa peke yangu.

Tulikuja polepole kwa ajili ya kifua chake. Njiani nilimweleza. Aliposimama mlangoni, wanawake walimpisha kama wanavyompisha mfiwa. Mama alimpa leso. Akaipitisha mwenyewe, akaivuta, akaipitisha tena.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mchwa hawakuaga," Mama akasema.

Akakaa benchini. Akatazama reli zake mbili, zilizokuwa zimenyooka kama alivyozilaza. Nilidhani atafurahi. Sijaona uso uliofilisika kama ule. Dari ingeanguka, angalau hofu yake ingekuwa na haki. Sasa miaka yote ile haikuwa na sababu. Dari ilisimama peke yake huku sisi tunazunguka vibuyu, huku yeye anaziba visima, huku duka la Ndia Kuu linagawanywa vyumba vitatu.

"Nani atakwenda kumwambia fundi?" akasema.

Tulizitoa nguzo. Hapakuhitajiwa nyundo. Ya mwisho Baba aliomba aitoe mwenyewe. Aliikumbatia kwa mikono miwili, nayo ikabomoka kifuani pake, ikamchafua kanzu. Akasimama vile vile, kichwa ameinua, anasikiliza. Dari haikutoa mlio wowote.

"Haikulia," akasema.

"Ililia siku ile," Mama akamwambia, na sauti yake ilikuwa laini. "Huyu si mtoto tena."

Muuza kahawa alikuwa akipita, kama kawaida ya saa zile. Baba akaniomba nimwite. Akachukua kikombe, akaenda katikati ya ukumbi, pale pale aliposimama mfanyabiashara, akanywa. Alikunywa taratibu, kwa vituo, akisubiri kikohozi kipite kabla ya kila funda. Hakuna aliyechota maji wala kufagia mpaka akamaliza. Akakigeuza kikombe chini juu.

"Na sijafa," akasema.

Wanawake wakacheka. Mama hakucheka. Alimchukulia kikombe kutoka mkononi.

Wiki zilizofuata alikuwa na haraka ambayo sikuwahi kumwona nayo. Alimwambia mwalimu kuwa shule ya wasichana ingefaa iwe na ukumbi, mpana kuliko huu, wa reli tatu. Alichora mchangani mbele ya mlango wetu, akafuta, akachora. Alinituma niulize bei ya chuma Kilindini. Nilikwenda, nikarudi na jibu, akafurahi kama mtoto, akasema kazi ianze baada ya masika, kisha akashtuka kwa maneno yake mwenyewe. "Hapana," akasema. "Kabla. Ianze kabla."

Masika hayakumkuta.

Wenzangu ambao husomeana nami maandishi yetu huniuliza kwa nini nazitoa hadithi zangu zikiwa mbichi, kwa nini sisubiri zikomae. Siwajibu vizuri. Nasema tu kuwa naogopa kama wao, na huwa nazitoa huku naogopa, maana nimeona mtu akingoja hofu iondoke kwanza, na kilichoondoka kilikuwa yeye.

Siku ya mazishi tulimwingiza Baba kanisani. Ukumbi ulikuwa mweupe, mtupu, mwanga wa asubuhi umetanda kutoka ukuta hadi ukuta, na mimi kwa mara ya kwanza nikauona jinsi alivyouona yeye kabla hajaweka jiwe la kwanza. Wabebaji wanne waliinua jeneza kutoka mlangoni. Walikuwa watu waliosali humo miaka yote. Walipiga hatua mbili, kisha wakapinda kushoto. Wakapiga hatua nyingine, wakapinda kulia, kwa uangalifu, wasije wakagonga. Hakuna aliyeona kuwa anafanya hivyo. Jeneza la Baba likayumba huku na huku katikati ya uwazi.

Mama alikuwa nyuma yao, ameshika mkono wangu. Akauachia, akawafikia.

"Nyookeni, wanangu," akawaambia. "Hapana kitu hapo."